Akidi ya Marehemu

Dakta Atupokile Mwambene alifundisha somo gumu kuliko yote pale Chuo Kikuu cha Isanga bila kuwasha mashine hata moja. Wanafunzi wa mwaka wa tatu waliingia darasani na vishikwambi vilivyojaa chaji, naye akawaamuru waviweke chini ya viti. Kwenye ratiba somo liliitwa Programu za Mifumo Iliyosambazwa. Yeye aliliita somo la kuelewana na watu usiowaona.

"Leo mashine ni nyinyi," alisema asubuhi ile. "Mko kumi na watatu. Kubalianeni tule saa sita au saa saba. Hakuna kuamua mpaka wengi wakubali, na wengi maana yake saba. Wakijiamulia watano kivyao, chakula cha wote kinamwagwa."

Akawatawanya, wengine ukumbini, wengine barazani, na kijana mmoja aitwaye Lukelo akapelekwa nyuma ya maktaba. Vikaratasi vikaanza kutembea kutoka mkono hadi mkono. Dakta alisimama mlangoni akivikwapua kadiri alivyopenda na kuvitia kwenye mfuko wa gauni, maana mtandao wa kweli nao hupoteza ujumbe bila kumwomba mtu radhi. Haukupita muda ugomvi ukazuka. Lukelo alikuwa hajajibu karatasi hata moja.

"Tumtoe kwenye hesabu," mmoja alisema. "Huyo amekufa."

"Umejuaje?" Dakta aliuliza.

"Kimya chake, dakta."

"Kimya kingi kina mshindo," mwingine alichombeza, na darasa likacheka.

"Mimi sisikii mshindo wowote," alisema Dakta. "Aliyekufa ananyamaza. Aliyekatikiwa njia ananyamaza. Anayewaza polepole naye ananyamaza. Ukiwa upande wa pili wa waya huwezi kuwatofautisha. Mkimwondoa kumbe yu hai, kesho mna vijiji viwili vinavyodai jina moja. Mkimngoja kumbe amekufa, mtangoja mpaka mfe nyinyi. Hilo ndilo somo lote. Mengine ni mapambo."

Lukelo aliingia wakati huohuo akitafuna chapati. Aliapa kwamba hakuna aliyemletea karatasi yoyote, na akaona afadhali apitie kantini. Darasa likaangua kicheko kingine.

Aliyekosa kucheka ni Nakijwa Mshana peke yake. Alikaa kwenye kona, goti lake likitikisika chini ya meza bila yeye kulituma. Tangu arudi kutoka mazishini hakuwa na raha ya kukaa wala ya kusimama. Akilala alitamani kuamka, akiamka alitamani kulala, na akishika kitabu macho yake yalipita juu ya mistari kama kuku anayevuka ua. Alikuwa amerudi chuoni kwa sababu ya mitihani, na kwa sababu marehemu baba yake asingekubali aikose.

Simu yake iliponguruma chini ya kiti, aliiokota na kutoka nje bila kuomba ruhusa.

*

Kwao Nakijwa ni Ivuga, juu Upareni, ambako maji ya kumwagilia hukusanywa kwenye ndiva, bwawa la ukuta wa mawe na udongo. Mababu ndio walioijenga, na wajukuu huizibua kila mwaka kwa msaragambo, kijiji kizima na majembe yao. Zamani mlango wa ndiva ulikuwa na gurudumu la mkono. Kiangazi kimoja watu wa Ivuga Juu na wa Ivuga Chini waligombea gurudumu hilo kwa mapanga, na baada ya mazishi likakatwa kabisa. Tangu hapo mlango haukumtii binadamu. Ulitii visanduku.

Visanduku vilikuwa kumi na vitatu, kila mwenye zamu ya maji na chake, kimetundikwa ukutani kikila jua. Kila kimoja kilijua sauti ya mwenyewe. Ndiva haikufunguka mpaka visanduku vilivyo wengi, yaani saba, viseme fungua, maana maji yakitolewa hupita kwenye korongo la Ivuga Chini, na ni haki ya watu wa chini kujua nini kinawajia. Aliyeandika programu yake ni Nakijwa, kama kazi yake ya mwaka wa pili. Serikali ilikuwa imepiga marufuku kazi yoyote ya umma kutegemea mashine moja, tangu ile wiki mashine kuu ilipozimika na nchi nzima ikakosa maji. Wahandisi wa mjini walikuwa hawajapata nafasi ya kufika milimani, basi kijiji kikamtuma mtoto wake.

Wazee walimpa sharti moja tu. Watu wengine husema asiyekuwepo na lake halipo, lakini Ivuga hawamwambii hivyo maiti. Mtu akifa, kiti chake barazani hakikaliwi mpaka arobaini ipite na tanga lianuliwe. Basi na kisanduku chake kibaki kwenye hesabu vilevile, kinyamaze kwa heshima. Kisiondolewe mapema, ila mrithi wake mwenyewe atamke kwa mdomo wake kwamba mwenye kisanduku ameondoka. Nakijwa aliipenda sana kanuni hiyo. Dakta Mwambene alimpa alama nzuri na kuandika pembeni kwa kalamu nyekundu: Je, wakifa wengi kwa pamoja? Nakijwa alijibu kwa mdomo kwamba Ivuga watu hawafi hivyo.

Halafu gari la wapeleka posa likaacha barabara kwenye kona yenye utelezi. Wenye visanduku wanne walizikwa siku moja. Mmoja wao alikuwa Mzee Idrisa Mshana, baba yake. Mwingine alikuwa Twaha, binamu yake, mtoto wa pekee wa baba yake mdogo, Hatibu. Arobaini yao ilikuwa bado.

*

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umekaa au umesimama?"

"Nimesimama."

"Basi simama hivyohivyo." Baba mdogo Hatibu alikuwa mlinzi wa ndiva, aliyeishi pembeni mwa ukuta wake, mtu wa maneno machache, na nyuma ya sauti yake mvua ilikuwa inapiga bati. "Mvua haijakatika tangu juzi. Ndiva imejaa mpaka mdomoni. Na chini ya ukuta maji yanatoka, Nakijwa. Yanatoka mekundu."

Alijua maana yake. Ukuta wa ndiva ukitoa maji meupe unavuja tu, ila ukitoa mekundu unaliwa kwa ndani.

"Si mfungue."

"Sisi sita wa Juu tumeshasema fungua, tumesema mpaka koo zimekauka. Mlango unajibu akidi haijatimia. Wale watatu wa Chini hawasikiki. Mnara umeanguka, kule bondeni satelaiti haishiki, daraja limekwenda, hakuna mtu wa kupita. Hatujui kama wameona ndiva ilivyo, wala kama wametoka. Hatujui kama wapo hai."

"Na mama?"

Mama yake Nakijwa alikuwa Ivuga Chini, ndani ya eda, kwenye nyumba iliyo karibu na korongo kuliko zote. Mjane wa Ivuga hatoki nyumbani kwake kabla eda haijaisha, isipokuwa kwa dharura, na mama yake hakuwa mtu wa kuiita mvua dharura.

"Sijui, mwanangu. Nisikudanganye."

Nakijwa alipiga hesabu aliyokuwa ameianza tangu aliposikia neno akidi. Visanduku kumi na vitatu, wanne marehemu, watatu kimya, sita wanaopiga kelele. Kura moja ilikuwa inapungua.

"Ndiyo maana nimekupigia," alisema Hatibu. "Pale chuoni unacho pacha wa kisanduku cha baba yako, kile ulichofanyia majaribio. Kinashika mtandao wa satelaiti kama sisi huku. Na sauti yake unayo, ulimrekodi mchana kutwa chini ya mgomba. Msemeshe. Aseme fungua mara moja tu. Maji yamezidi unga, Nakijwa."

*

Maabara ilikuwa tupu. Kisanduku kilikuwa kwenye rafu, kati ya nyaya na kikombe cha chai cha mtu aliyekisahau, taa yake ndogo ikiwaka rangi ya majivu, rangi ambayo Nakijwa mwenyewe aliichagua kwa ajili ya waliofariki. Akaketi mbele yake, akasimama, akaketi tena.

Faili la sauti lilikuwa mahali pake. Hakuwa amelifungua tangu msiba. Alilibonyeza kabla hajapata muda wa kuogopa.

"Fungua," alisema baba yake. "Fungua. Fungua. Funga. Nimesema sawa, mama?"

Alikuwa akimwita mama tangu akiwa mdogo. Nakijwa alilia kwa sauti, kichwa juu ya meza, akijua kwamba kila dakika anayolia ukuta unaliwa. Alipoinua uso, Dakta Mwambene alikuwa mlangoni na vikaratasi bado vimejaa mfukoni.

Alimweleza yote kwa pumzi moja. Dakta alivuta kiti, akakaa, akaangalia ile taa ya majivu.

"Ukiicheza hiyo sauti, mlango utafunguka," alisema. "Hilo halina shaka. Programu yako ni nzuri."

"Sasa nifanye?"

"Baba yako alikuwa mtu wa wapi? Juu au Chini?"

"Chini." Akaelewa anapelekwa wapi. Mzee Idrisa ndiye aliyekuwa na kauli yake barazani: wa Juu wakisema fungua, kwanza uliza wa Chini wameamkaje. Katika maisha yake yote kura yake haikuwahi kutoka kabla hajawauliza majirani. Sasa alitakiwa aseme fungua akiwa kaburini, maji yaende kwa mke wake, na majirani wasiulizwe.

"Nisipofanya, ukuta unakatika na wote wa Chini wanakwenda."

"Au haukatiki. Kuta za mababu zenu zimeona mvua."

"Nikifanya, pengine wako korongoni sasa hivi, wanavuka kukimbia. Wataona maji tu."

"Au walishatoka."

"Dakta, mbona hunisaidii?"

"Kwa sababu sina kisanduku Ivuga," alisema Dakta, kwa upole ambao darasani hakuwa nao. "Nitakwambia ninalolijua tu. Mfumo ukishakubali maiti kupiga kura, haukubali mara moja. Safari ijayo mtu atamwamsha marehemu wake kwa ajili ya zamu ya mahindi. Na watu wa Chini watajua. Wakishajua, watarudi kwenye mapanga. Lakini mimi nakaa hapa pakavu, mama yangu yuko Mbeya. Usinisikilize sana."

Nakijwa alizunguka maabara. Alifika dirishani, akarudi kwenye rafu, akaenda tena dirishani. Isanga jua lilikuwa kali, wanafunzi walikuwa wanapita na sahani zao, wamekubaliana saa sita. Hasira ilimpanda. Aliwakasirikia wazee na sharti lao, na baba yake kwa kupanda gari lile. Kuliko wote alijikasirikia yeye aliyejibu kwamba Ivuga watu hawafi hivyo.

Kisha akasimama ghafla, maana alikuwa ameikumbuka kanuni yake mwenyewe. Ila mrithi atamke.

Baba yake aliposajili kisanduku alimwandika Nakijwa kuwa mrithi, na kaka zake walinuna mwezi mzima. Angeweza kumwondoa kwenye hesabu kwa maneno machache ya kweli. Wangebaki kumi na wawili, na wengi wa kumi na wawili bado ni saba. Haitoshi. Ingetakiwa aondoke mwingine. Kati ya wale wanne, wawili warithi wao walikuwa Chini, upande wa kimya. Alibaki Twaha, ambaye mrithi wake ni baba yake.

Alipiga simu.

"Umemsemesha?" Hatibu aliuliza mara moja.

"Hapana, baba mdogo. Sitamsemesha."

"Nakijwa..."

"Nitamwondoa. Nitasema ameondoka. Na wewe umwondoe Twaha. Tukifanya hivyo tunabaki kumi na mmoja, sita mnatosha."

Kelele ya mvua kwenye bati ilijaa simuni.

"Unajua kwa nini nilikutuma wewe?" Hatibu alisema hatimaye. Sauti ilikuwa imepungua. "Mimi hiyo kanuni naijua. Nilikuwepo barazani ikitungwa. Tangu alfajiri nimesimama mbele ya kisanduku cha mtoto wangu na mdomo haufunguki. Viatu vyake bado viko mlangoni, mama yake hataki viguswe. Nikaona afadhali baba yako aseme uongo kuliko mimi niseme kweli."

"Pole, baba mdogo."

"Na wewe pole."

"Tuseme pamoja. Mimi nitaanza."

"Na wale wa Chini? Tukiwatoa wafu, wao watatu tumewaamulia. Wewe ni mtoto wa Chini."

"Najua." Hilo ndilo lililomchoma na hakuwa na dawa yake. Njia hii haikuwa na uongo, lakini matokeo yalikuwa yaleyale: maji yatakwenda kwa watu ambao hawakusikika, na mmoja wao ni mama. Angengoja kimya kile kiseme? Kingesema lini? "Mfungue kidogo kwanza, upana wa kiganja. Mnisikie, baba mdogo, kiganja tu. Yaje na kelele kabla ya kuja na nguvu, aliye korongoni apate kutoka. Mkiona maji ya chini ya ukuta yanazidi, ndipo mwongeze."

"Kiganja," alisema Hatibu. "Nakuahidi."

Nakijwa alikisogelea kisanduku. Dakta Mwambene alisimama, kama watu wanavyosimama msibani.

"Idrisa bin Omari Mshana ameondoka," alisema. Sauti ilikatika, na kisanduku kikamwomba arudie. Kwa kiburi chake cha mwaka wa pili alikuwa amekiandika kisikubali maneno ya kubabaika. Akafuta uso kwa kitambaa cha kichwani. "Idrisa bin Omari Mshana ameondoka. Asihesabiwe tena."

Taa ya majivu ilizimika.

Kule mlimani, kupitia simu, alimsikia mzee akikohoa, akivuta pumzi, akiiacha, akiivuta tena. Kisha akalisikia jina la Twaha lote, la kwake, la baba yake na la babu yake. Baada ya hapo sauti ya kike ikapiga yowe ndani ya nyumba, na juu ya yowe lile ukaja mngurumo mzito wa chuma kikisogea kwenye tope.

"Umefunguka," alisema Hatibu. "Kiganja."

*

Pale maabara hakuna aliyekula mchana ule. Lukelo alileta chapati mbili zikapoa mezani. Dakta alifuta kipindi chake cha alasiri na kubaki pale, akichana vile vikaratasi vya asubuhi vipandevipande. Kila baada ya muda Hatibu alituma ujumbe: ukuta umesimama, maji ya chini ya ukuta yamepungua rangi, tumeongeza kiganja cha pili. Kuhusu Ivuga Chini hakuandika kitu, maana hakuwa na cha kuandika.

Nakijwa alikuwa anatembea. Alishaijua idadi ya vigae vya maabara na bado akaendelea kuvihesabu. Alijiambia kwamba amefanya sawa, dakika iliyofuata akajiambia kwamba amemuua mama yake kwa kanuni nzuri. Hakuna jibu kati ya hayo mawili lililokaa.

Jua lilikuwa linaelekea kushuka wakati kisanduku kilipolia. Si taa iliyowaka, ni kengele ya maongezi, maana visanduku vilibeba pia salamu kutoka nyumba hadi nyumba. Kilianza kwa sauti yake ya bati: "Maongezi kutoka kisanduku cha marehemu Idrisa Mshana. Mwenye kisanduku hayumo." Kisha upepo, kelele za watu wengi, na mtu anayehema.

"Haloo? Haloo? Wa Juu mnanisikia?"

Nakijwa alishika ukingo wa meza. "Mama."

"Nakijwa? Ni wewe? Mwanangu, tumetoka. Sote tumetoka tangu asubuhi, tuko juu msikitini. Nimekibeba kisanduku cha baba yako kichwani, nisingekiacha. Hapa kilimani kimeshika sasa hivi tu. Tangu tufike nawaambia wa Juu fungueni, tumetoka, fungueni, kikawa hakipeleki. Halafu tumeyasikia maji yanakuja."

"Mko wote? Hakuna aliyebaki?"

"Wote. Mpaka mbuzi. Nyumba sijui, nyumba si kitu." Alivuta pumzi. Dakta Mwambene alikuwa amejifunika uso kwa viganja, na Lukelo alicheka mwenyewe kama mtu aliyeachiwa huru. Nakijwa naye alianza kucheka, machozi yakimtiririka.

"Lakini kuna kitu sikielewi, mwanangu," mama yake aliendelea, na sauti sasa ilikuwa karibu zaidi, kama ameinamia kisanduku. "Hiki kisanduku kimeharibika. Kila nikikigusa kinaniambia Idrisa hayumo. Arobaini bado. Nguo zake sijagawa. Nani amesema hayumo?"

Kicheko kilimwishia mdomoni. Angeweza kusema ni mvua, ni mnara, ni hitilafu ya mtandao. Mama yake angeamini, maana mambo ya visanduku alimwachia yeye.

"Mimi, mama," alisema. "Ni mimi niliyesema."

Hakukuwa na jibu. Nakijwa alisogeza sikio. Aliangalia taa, akaangalia Dakta, ambaye hakumsaidia safari hii pia. Mnara ulikuwa umeanguka, satelaiti ilikuwa inashuka upande wa pili wa mlima, na mawingu yalikuwa mazito. Inawezekana mawasiliano yalikatika kabla neno lake halijafika.

Kisha upande wa pili akamsikia mbuzi akilia, na mtoto akikohoa, na mtu akiuliza kama chai ipo. Mtandao ulikuwa mzima.